Kwani Maji ya Ganga Yana Nini? Hebu Tuelezane Polepole

Ile klipu najua hata wewe ulifowadiwa. Watu mpaka huoni ardhi, wazee wamejipaka jivu mwili mzima, kina mama na sari zao, vijana wamebeba nyanya zao mgongoni, wote washuka Mto Ganga kule India wajizamisha, kisha wachota maji kwa viganja viwili wayamwaga tena kuelekea jua. Chini yake aliyeituma kaandika maneno ya kucheka, ati maji rangi ya chai ya maziwa ndo yatakasa watu. Kwa gurupu letu la mtaa ilileta kasheshe ya siku mbili. Mmoja kasema hao waabudu maji, mwengine kasema watupa maiti humo humo kisha wanywa, mwengine akaleta habari za ng'ombe ambazo hata hazikuwa kwenye mada, mwisho admini akafunga gurupu kwa sababu tuna majirani Wahindi humo ndani na walikuwa wamenyamaza, ile kimya ya mtu anayesoma kila kitu.

Mi niliona haya. Nimekulia nyumba ya ghorofa hapa Mombasa, sisi juu, chini familia ya Kigujarati, na bibi yao tulikuwa tukimwita Ba kama wajukuu zake walivyomwita, maana Ba kwao ni mama au bibi. Kwa Ba ndo nilikoona kwanza kile kichungu kidogo cha shaba, kimezibwa mdomo, kimewekwa rafu ya juu kabisa pamoja na miungu yake. Nikamuuliza ndani mna nini, akanambia "Ganga." Hakusema maji. Kasema Ganga, kama mtu anayesema fulani yuko ndani amelala.

Basi tuanze na majina, maana nusu ya ugomvi wa gurupu ulikuwa wa majina. Muhindi ni mtu wa asili ya Bara Hindi, basi, hakuna zaidi. Aweza kuwa Mwislamu kama Mabohora na Makhoja, aweza kuwa Mgoa akaenda zake kanisani Jumapili, aweza kuwa Kalasinga na kilemba chake, aweza kuwa Mjaini, dini nyengine ya huko huko, kama wale wenye lile hekalu jeupe la marumaru kule Langoni. Mhindu ni yule wa dini ya Kihindu. Kwa hiyo usimfuate Bohora dukani kwake ukamuuliza mambo ya Ganga, atakuangalia hivi akuulize mimi na huo mto wapi na wapi. Wazee wetu walikuwa na neno Banyani kwa wale wafanyabiashara wa Kihindu wa kutoka Gujarati, ndo lile la Banyani mbaya kiatu chake dawa, methali tunayoisema tukicheka lakini ukiitafuna vizuri ni tusi na shukrani ndani ya sahani moja.

Ganga ndo jina la mto kwa wenyewe, na ukiona Ganges ni ule ule tu, Wazungu waliutamka kivyao. Ganga jal ni maji ya mto huo, jal ni maji. Na ukisikia ghati, hizo ni ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini, fikiria zile ngazi za bandari ya zamani pale Mji wa Kale, lakini sasa zimejipanga ukingo mzima wa mji, watu waoga hapo, wafua hapo, waomba hapo na wengine wachomwa hapo wakifa.

Mto wenyewe una urefu wa zaidi ya kilomita 2,500. Tana yetu ambayo ndo mrefu kushinda mito yote ya Kenya ni kama kilomita 1,000, kwa hiyo weka Tana mbili na nusu. Waanzia Himalaya, kwenye barafu la Gangotri, mahali panaitwa Gaumukh yani mdomo wa ng'ombe, hapo bado jina lake Bhagirathi, ukiteremka mpaka Devprayag wakutana na mwenzake Alaknanda na hapo ndo jina la Ganga laanza. Watoka milimani pale Haridwar, wapita Kanpur, Prayagraj, Varanasi, Patna, ukifika Bengal wagawanyika, mkono mmoja waenda Kolkata, mwengine waingia Bangladesh na kubadili jina ukawa Padma, na mwisho yote yamwagika Ghuba ya Bengal kupitia Sundarbans, msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote duniani. Zaidi ya watu milioni 400 waishi kwenye bonde lake. Mpunga wao, ngano yao, samaki wao, matope yao ya kufinyangia vyungu, vyote vyatoka humo. Kabla hujaingia kwenye dini kumbuka hilo, kitu kinachokulisha hivo ni rahisi kukiita mama.

Na wao ndo wamwitavyo, Ganga Mata, Mama Ganga. Hapa ndo pale jamaa wa gurupu aliposema waabudu maji. Kwa Mhindu Ganga ni mungu wa kike, na mto ndo umbile lake analoonekana nalo hapa duniani. Sikwambii ukubali, kila mtu na dini yake, nakwambia tu wao hawaoni H2O wakaipigia magoti. Chukua mfano wa karibu. Nenda kaya yoyote ya Wamijikenda, Kaya Kinondo au nyengineyo, hata UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, utaambiwa vua viatu, usivunje kijiti, usibusiane, usipige kelele. Mtu wa nje atasema hawa waabudu miti. Mzee wa kaya atakucheka. Mti ni mti, lakini pale pana wazee waliotangulia, pana viapo, pana historia ya mbari nzima, na mti ndo umebeba vyote hivyo. Mto nao umebeba.

Umebeba nini? Umebeba hadithi kwanza, na bila hadithi hii huwezi kuelewa kitu kuhusu lile jivu, kwa hiyo vumilia.

Wasema palikuwa na mfalme jina lake Sagara, ana watoto wa kiume 60,000 (usiulize mama yao alifanyaje, ni hadithi). Mfalme akatoa farasi wa sadaka, farasi akaibiwa, akaja kuonekana amefungwa karibu na mtawa mmoja aitwaye Kapila aliyekuwa amezama kwenye ibada yake. Wale vijana bila kuuliza wakamwita mwizi. Mtawa akafumbua macho, na kwa lile jicho la hasira wote 60,000 wakawa jivu pale pale. Jivu likakaa, roho zao hazina pa kwenda kwa sababu hakuna aliyewafanyia mazishi, vizazi vikapita, mpaka akaja mjukuu wa mbali aitwaye Bhagiratha, akaacha ufalme akaenda kufanya toba miaka na miaka akiomba mto wa mbinguni ushuke uwaoshe wazee wake. Ganga akakubali, lakini akasema nikianguka na uzito wangu wote nitaipasua dunia. Basi mungu Shiva akajitolea kichwa chake, mto ukaangukia kwenye nywele zake, ukazungukazunguka mle kwenye misokoto ukapoa, kisha akauachia kidogo kidogo. Bhagiratha akatangulia mbele, mto ukimfuata nyuma kama mbuzi amfuatavyo mwenye majani, mpaka kule kulikokuwa na jivu karibu na bahari, ukaligusa, na wote 60,000 wakafunguliwa.

Umeona sasa? Kile kijito cha juu kuitwa Bhagirathi ni kwa ajili ya huyo kijana. Na bahari kwa lugha zao huitwa sagara, kwa ajili ya mfalme yule. Na kazi ya kwanza kabisa ya mto huu, hata kabla ya kunyweshea shamba, ilikuwa kuwafungua wafu. Kwa hiyo Mhindu akibeba jivu la babake mpaka Ganga, arudia kile alichofanya Bhagiratha, neno kwa neno.

Sasa tuingie pale penye utata wenyewe, usafi. Swali la klipu lilikuwa hilo, vipi mtu ajitakase kwa maji machafu?

Hapa mi nataka nimkumbushe kila aliyesoma madrasa hapa pwani kile tulichofundishwa tukiwa wadogo mbele ya maalim na bakora yake. Safi na twahara si kitu kimoja. Maji ya gilasi yanayong'aa kama kioo, tone moja la mkojo likaingia, macho hayaoni tofauti lakini twahara imekwenda. Maji ya mtoni yaliyojaa matope, rangi kama kahawa, waweza kuyatilia udhu na swala yako ikasihi. Maji ya bahari huwezi kuyanywa lakini ni twahara. Tulifundishwa hesabu ya kulla mbili, kwamba maji yakishakuwa mengi kiasi hicho najisi haiyaharibu mpaka ibadilishe rangi au harufu au ladha. Yani tunavyo vipimo viwili, kimoja cha jicho na pua, kimoja cha hukumu, na vipimo hivi vyaweza kugombana, na tumeishi navyo miaka yote bila kuona ajabu. Na wenzetu Wakristo vile vile, hakuna mtu anayekwenda kubatizwa Mto Yordani akatanguliza sampuli ya maji maabara.

Mhindu naye ana maneno mawili. Kuna uchafu wa kawaida, taka, matope, plastiki, waita gandagi. Na kuna pavitra, hali ya utakatifu, yani ile twahara yao. Gandagi yaweza kujaa mtoni na Mhindu aiona kwa macho yake, wala si kipofu, lakini kwake haigusi pavitra. Tofauti na sisi ni kwamba kwetu maji mengi yakibadilika rangi au harufu hukumu yabadilika pia, lakini kwake yeye Ganga haipewi utakatifu na hali ya maji, yeye Ganga ndo anaoutoa. Kuuliza kama Ganga imenajisika kwake ni kama kuuliza kama jua limepata baridi. Nilimuuliza Ba swali hilo hilo nikiwa darasa la sita hivi, kwa adabu ya mtoto asiye na adabu. Ba akanambia, "Mtoto akimchafulia mama yake nguo, mama anakuwa si mama?"

Jibu zuri sana, na hapo hapo ndo penye tatizo lenyewe, lakini tutafika.

Habari ya maiti. Ni kweli na si kweli. Kawaida Mhindu akifa huchomwa, kisha jivu na vipande vya mifupa vyapelekwa mtoni. Varanasi, mji ambao wenyewe wauita Kashi, kuna ghati ya Manikarnika ambapo moto wa kuchomea hauzimi usiku na mchana, familia zafika na jeneza la mianzi, wanunua kuni kwa kilo, mtoto wa kiume mkubwa ndo huwasha. Kuna hata nyumba za kulala wageni ambako mgeni amekuja kufa, kihalisi, apewa chumba asubiri siku yake, kwa sababu waamini anayefia Kashi apata moksha. Moksha ndo nini? Wao waamini roho huzaliwa tena na tena. Chukua matatu ya Kongowea kwenda Feri, yafika mwisho yageuza yarudi, yafika yageuza, maisha yako yote. Moksha ni kushuka. Basi, umeshuka, hupandi tena.

Wapo wachache ambao kwa mila hawachomwi, watoto wachanga sana kwa sababu wahesabiwa hawana doa la kuunguza, na watawa kwa sababu siku walipoacha dunia walishajifanyia mazishi yao wenyewe, hao wakifa miili yao huzamishwa mtoni mizima bila kuchomwa, imefungiwa mawe. Na zile picha za maiti nyingi zinazoelea, nyingi mnazofowadiana ni za Mei 2021, wakati Korona ilipoichapa India mpaka sehemu za kuchomea zikazidiwa na kuni zikapanda bei, makumi ya miili ikaonekana mtoni karibu na mji wa Buxar kule Bihar (Buxar, si Buxton mtaa wetu hapa Mombasa, kuna mtu kwa gurupu alishtuka). Ule ulikuwa umaskini na msiba, si ibada. Wahindu wenyewe waliona aibu na uchungu kushinda mtu yeyote aliyekuwa akichekea huku.

Ile klipu yenyewe sasa, ile ya umati, ilikuwa ya Maha Kumbh, sherehe kubwa ya kuoga mtoni, ya Prayagraj, kuanzia tarehe 13 Januari mpaka 26 Februari 2025. Kumbh maana yake ni mtungi. Wasema miungu na mashetani waliikoroga bahari ya maziwa wapate maji ya uzima, mtungi ukatoka, wakaugombania, matone yakaanguka sehemu nne, Haridwar, Prayagraj, Ujjain na Nashik. Ndo sherehe yazunguka miji hiyo minne, na miwili kati yake haiko hata kwenye Ganga. Prayagraj yapendwa zaidi kwa sababu pale mito mitatu yakutana, Ganga, Yamuna, na Saraswati ambao hauonekani kwa macho, wasema wapita chini. Zamu ya kila mji yarudi baada ya miaka 12 hivi kwa sababu yafuata nyota ya Mushtari ambayo huchukua karibu miaka 12 kumaliza mzunguko wake, kwa hiyo mabaharia wetu wa zamani waliotembea kwa nyota wasingeshangaa hata kidogo. Wale wazee uchi waliojipaka jivu ni watawa waitwao naga sadhu, wao ndo huingia majini mwanzo siku kubwa, na jivu lile wajikumbusha mwisho wa mwili. UNESCO waliiandika Kumbh mwaka 2017 kama urithi wa binadamu usioshikika.

Watu walikuwa wangapi? Serikali ya kule ilisema zaidi ya milioni 660. Tahadhari na hesabu za namna hii, hizo huwa ni za kuingia, si vichwa. Simama feri ya Likoni uhesabu kwa siku 45, mimi ntakuwa nimehesabiwa mara tisini na ni mmoja tu. Lakini hata ukigawanya utakavyo ni watu wengi kuliko akili inavyobeba, na tarehe 29 Januari walikanyagana usiku wakafa watu wasiopungua 30 kwa idadi iliyotolewa rasmi. Hili kwenye klipu za kucheka halikuwemo.

Turudi kwa nguo ya mama. Mto ni mchafu, tusizungukezunguke. Februari 2025 hiyo hiyo, wakati watu wanaoga, bodi ya India ya kudhibiti uchafuzi ilitoa ripoti kwamba vijidudu vya kinyesi vimepita kiwango cha maji ya kuogea, kiwango chao ni 2,500 kwa mililita 100, na wakubwa wa jimbo wakaruka wakasema maji ni mazuri hata kunywa. Uchafu wenyewe kwa wingi wake ni maji taka ya miji, si jivu la wafu, hilo ndo kosa jingine la watu, jivu ni kidogo sana ukilinganisha na choo cha mamilioni. Kisha kuna viwanda, Kanpur pana viwanda vya ngozi na kemikali zake za kromiamu zimeusumbua mto miaka. Mwaka 2014 ikaanzishwa programu kubwa iitwayo Namami Gange, rupia bilioni 200. Mwaka 2017 mahakama moja ya kule Uttarakhand ikautangaza mto kuwa mtu kisheria, mwenye haki kama wewe na mimi, Mahakama ya Juu ikausimamisha uamuzi miezi michache tu baadaye. Na mwaka 2018 profesa mmoja mhandisi aliyekuwa ameshakuwa mtawa, G. D. Agrawal, alifunga kula siku 111 akidai mto uachwe utiririke, akafa.

Lakini mtu ninayempenda mimi kwenye habari hii yote ni Veer Bhadra Mishra. Alikuwa mkuu wa hekalu la Sankat Mochan pale Varanasi, cheo cha kurithi, na wakati huo huo alikuwa profesa wa uhandisi wa maji chuo kikuu. Kila asubuhi ashuka ngazi aingia Ganga ajizamisha kama kuhani, na kama mhandisi ajua hasa humo mna nini, mwaka 1982 akaanzisha taasisi ya kupigania mto usafishwe, na baadaye maabara ya kupima maji yake pale pale ukingoni. Alifariki mwaka 2013. Huyu ndo aligundua ugomvi wa maneno, kwamba ukimwambia mcha Mungu "Ganga imenajisika" umemtukana mama yake na mlango umefungwa. Mwambie "mama yako ametupiwa taka" na huyo huyo atainuka. Neno moja tu ukilibadilisha. Mi nadhani hata wale wa kampeni zetu za bahari hapa wangejifunza kitu, na sisi wenyewe na yale maji taka yanayoteremka mpaka ule mkono wa bahari wa Tudor tusicheke sana ya watu.

Kuna na hili la kwamba maji ya Ganga hayaozi. Ba aliliamini kabisa na lina kaukweli ndani. Mwaka 1896 Mwingereza aitwaye Hankin, mwanasayansi wa vijidudu, aliandika kwamba kuna kitu ndani ya maji ya Ganga na Yamuna chaua vijidudu vya kipindupindu. Miaka ya baadaye ikajulikana kuna virusi vidogo vinavyokula bakteria. Wako kweli. Lakini wako pia kwenye mito mingine na hata kwenye maji taka, popote penye bakteria wengi nao wapo, kwa hiyo mtu akikuletea chupa akwambie kunywa ni dawa ya tumbo, wewe mshukuru uiweke kabatini.

Na usidhani mto ni wa Wahindu peke yao. Bismillah Khan, Mwislamu wa swala tano, aliyepiga shehnai, ala ambayo ukiisikia utasema hii ndo nzumari yetu ya harusini, aliishi Varanasi tangu utotoni na kufanya mazoezi kwenye hekalu lililo kando ya mto. Ndiye aliyepiga Delhi wakati wa uhuru mwaka 1947. Hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba Wamarekani walimwomba ahamie kwao wamjengee mtaa kama wa Varanasi, akawauliza na Ganga yangu mtaileta? Nehru naye, waziri mkuu wa kwanza wa India, ambaye dini hakuwa nayo hasa, aliandika kwenye wasia wake kwamba gao la jivu lake litupwe Ganga pale Allahabad, ndo Prayagraj ya sasa, akaeleza wazi si kwa ajili ya dini, ni kwa sababu mto ule ni utoto wake na ni India yenyewe. Yani kuna mtu haamini mungu wa kike lakini hawezi kufa bila mto.

Sasa Mhindu wa Mombasa yeye afanyaje, na Ganga iko ng'ambo ya bahari?

Hili nalijua kwa macho. Asubuhi Ba akioga, ukuta wetu na wao ulikuwa mwembamba, twasikia jagi lagonga ndoo na sauti yake yaimba maneno yale yale kila siku, Gange cha Yamune chaiva, Godavari Saraswati, Narmade Sindhu Kaveri. Baadaye sana ndo nikajua ile ni orodha ya mito saba na maneno ya mwisho yasema njooni muwe ndani ya maji haya. Kwa hiyo ndani ya ile ndoo ya plastiki, maji ya mkokoteni aliyonunua kwa debe kwa sababu mfereji ulikuwa umekauka wiki nzima, Ba alikuwa akiita Ganga aje, na Ganga alikuwa akija. Huko Mauritius Wahindu walimimina maji ya Ganga kwenye ziwa lao la Grand Bassin mwaka 1972 na tangu hapo laitwa Ganga Talao. Jinja, pale Nile inapoanzia, sehemu ya jivu la Gandhi ilizamishwa mwaka 1948. Mto wahama na watu wake.

Mume wa Ba alipokuwa yuafa, kile kichungu cha shaba kilifunguliwa. Matone machache kwenye kijiko, jani moja la tulsi, ndugu yake mrehani, likawekwa mdomoni. Mama yangu alikuwa amekaa kando ya kitanda ameshika mkono wa Ba, hakusema kitu, lakini tulipopanda juu alikwenda kabatini akaitazama ile chupa ya zamzam aliyoletewa na mjomba, akahakikisha kifuniko kimekaza.

Jivu halikupelekwa India, nauli ilikuwa shida. Walilipeleka baharini hapa hapa asubuhi na mapema na boti ya kukodi, na mwanawe aliponiona nashangaa akanambia bahari hii ndo ile ile, Ganga yaingia Ghuba ya Bengal, na Ghuba ya Bengal si Bahari Hindi? Sikuwa na la kujibu, niliangalia ramani ya shule, ni kweli.

Kichungu kilirudi rafuni. Nikamuuliza Ba sasa maji yakiisha je, akanambia hayaishi, ukibakisha tone moja ukalijalizia maji ya kawaida yote huwa Ganga. Tulikuwa bado twaongea mfereji ukaanza kukohoa kule uani, Ba akaachia kila kitu akapiga ukelele wa ghorofa nzima, "Maji yametokaaa!" na sote tukakimbilia madebe.